Siku Tatu za Nyumba Tupu

Katika shule ya msingi aliyofundisha Demetria, kule Buguruni, ratiba ya vipindi haikupangwa na mtu mwingine. Walimu wakuu walikuja wakaondoka, yeye akabaki na rula yake, na kila Januari wenzake walimfuata mmoja mmoja kumbembeleza asiwape kipindi cha mwisho siku ya Ijumaa. Kwa hiyo ilipofika zamu ya kuhama, baada ya miaka kumi na sita ya kupanga vyumba viwili kwa Bi Mwantumu, mumewe Gozbert hakujisumbua hata kufikiri. Alijua daftari litakuja.

Daftari likaja kweli, Jumamosi jioni, wiki moja kabla ya siku yenyewe. Mkataba ulikuwa unaisha Jumatatu ya mwisho wa Machi, na mpangaji mpya alikuwa ameshalipa miezi sita. Bi Mwantumu alilisema hilo kwa upole, na upole wa mwenye nyumba haujadiliwi. Mvua za masika nazo zilikuwa zinanukia. Nyumba yao ya Kibamba, waliyoijenga kwa miaka tisa, tofali leo, bati mwakani, ilikuwa ndani sana kutoka barabara ya Morogoro, juu ya kilima cha mfinyanzi ambacho mvua ya siku mbili inatosha kukizuia kisipandwe na gari. Basi Demetria akawasomea: Jumamosi saa moja asubuhi, kenta ya mizigo. Saa sita, kushusha. Jioni, mapazia. Jumapili baada ya misa, Mama Bernadeta ataletwa kwa teksi na kukuta kitanda kimetandikwa na chai iko mezani.

Mama Bernadeta alikuwa mama mzazi wa Gozbert, mjane wa miaka sabini na minne kutoka Muleba. Macho yake yalizimika miaka minane iliyopita kwa presha ya macho. Kipengele hicho cha mwisho Demetria alikisoma kwa sauti ya juu kidogo, maana alikionea fahari. Wakwe wangapi wa mjini wanaletwa kwa teksi kwenye nyumba iliyokwisha kupangwa? Gozbert alisema safi kabisa, mama Vai, akimwita kwa jina la mtoto wao aliyekuwa shule ya bweni. Mama Bernadeta alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, na vidole vyake viliendelea kuchambua.

Tangu siku ile aliacha kunywa maji.

Demetria hakugundua mara moja. Jumapili aliona kikombe cha chai kimerudi kimejaa, akadhani ni mfungo wa Kwaresima. Jumatatu aliukuta uji umeliwa nusu na gilasi ya maji haijaguswa, katika joto la Machi ambalo hata paka wa Bi Mwantumu alilala kwenye sakafu ya bafuni. Jumanne aliporudi kazini alimkuta mama ameketi mlangoni, midomo imebabuka, na alipomwamkia, marahaba iliyomjibu ilikuwa kavu kama karatasi. Akachota maji, akamwekea gilasi mkononi.

"Mama, kunywa."

"Nimeshiba."

"Maji hayashibishi mtu siku tatu. Unaumwa wapi?"

Mama Bernadeta aliishika gilasi kwa mikono miwili bila kuinyanyua. "Ninajizoeza," alisema.

Demetria alihitaji muda kuelewa, na alipoelewa aliketi palepale, kwenye kizingiti.

Wiki tatu nyuma walikuwa wamempeleka mama Kibamba, siku jumuiya ya kanisa ya huko ilipokuja kuisalia nyumba. Siku nzima alishikwa mkono. Huku Gozbert, kule Demetria, keti hapa mama, simama mama. Halafu pilau likaiva, kila mtu akawa na kazi yake, na mama akataka kwenda chooni. Aliita mara moja, kwa sauti ndogo ya mtu asiyependa kusumbua. Akasubiri. Kisha akanyanyuka mwenyewe, akatoka mlango wa nyuma, akaanguka juu ya lundo la kokoto, na pale chini, mbele ya wanawake wa jumuiya waliokuwa wamevaa vitenge vyao vya Jumapili, mwili haukungoja tena. Watu waliimba wimbo mwingine kwa haraka. Hakuna aliyelitaja jambo lile tena, na Demetria aliamini kwamba limekwisha.

Kwa Bi Mwantumu mama hakuwa na shida hizo. Alitoka chumbani mkono wa kushoto ukipapasa ukuta, akainama kwenye kamba ya nguo bila kuambiwa, akazikwepa ndoo za wapangaji, akahesabu hatua zake ishirini na moja mpaka chooni, akaenda na kurudi. Kuna wageni walioshinda pale wakaondoka bila kujua kwamba haoni. Sasa katika ratiba ya mkwewe alikuwa amesikia kwamba hatua zile ishirini na moja zinabaki Buguruni, na yeye atapelekwa kwenye nyumba iliyojaa meza na makochi asiyojua yamekaa wapi. Akaanza kuzoea kutokuwa na haja ya kwenda popote.

"Tufanye nini, mama?" Demetria aliuliza. Alishangaa mwenyewe, kwa kuwa katika kupanga kote kule hakuwa amemuuliza.

"Mnanihamisha mwisho. Nihamisheni kwanza. Mie na nyumba, bila kitu. Nipe siku tatu."

"Kwenye nyumba tupu?"

"Vitu vikishaingia, nyumba inanyamaza. Mimi nataka kuisikia kabla haijanyamaza."

Kisha akainua gilasi, akanywa maji yote.

Gozbert alipoambiwa alikataa katakata. Mama yake alale kwenye sakafu, hakuna hata umeme, watu waseme mwanawe amemtupa kwenye pagale? Dada yake Editha, aliyekuwa Bukoba, alipiga simu kuuliza kama Dar imewala akili. Demetria aliwasikiliza wote wawili, kisha akafungua daftari na kuchora mstari juu ya ukurasa mzima. Usiku uleule alimwandikia mwalimu mkuu kuomba ruhusa ya siku tatu, kitu alichokuwa hajawahi kuomba tangu aajiriwe.

Jumatano saa tatu asubuhi bajaji iliwashusha Kibamba na mkeka, ndoo mbili, jiko la mkaa na sufuria. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na sebule, sakafu ya saruji, lipu ndani lakini si nje, na choo uani, mbali kidogo na mlango wa nyuma. Mama Bernadeta alivua viatu, akaviweka kando ya mlango wa mbele, akamwambia Demetria akae kwenye ndoo iliyofunikwa na asinyanyuke.

"Nikigonga kichwa, kaa. Nikipotea, kaa. Nikikuuliza kitu, usijibu."

Sasa hebu fikiria mwalimu aliyezoea kunyoosha mistari ya watoto sitini akiambiwa akae kimya. Alikaa. Mama alisimama katikati ya sebule, akapiga kofi moja, akainamisha kichwa, akasikiliza. Akasogea hatua mbili, akapiga jingine. "Ukuta huu uko karibu," alisema. "Ule wa kule una uwazi. Mlango, au dirisha?"

"Dirisha, mama."

"Nimesema usijibu."

Akaendelea hivyo asubuhi nzima. Alizunguka kuta zote kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja, akieleza kama anajieleza mwenyewe kwamba kiganja kinashikashika mno na hakisikii. Alipima milango kwa shubiri na vyumba kwa nyayo, kisigino kwa kidole. Aligonga paji la uso kwenye dirisha lililofunguliwa kwa ndani, akasema "alaa, kumbe upo hapa," akalipapasa lote mpaka bawaba, na tangu hapo hakuligonga tena. Chumba cha pili alikaa muda mrefu akiusugua ukuta, kisha akatangaza kwamba huku fundi alikuwa na haraka, ukuta umelala. Demetria aliusogelea kwa kunyata, akaweka rula yake ya shule. Ukuta ulikuwa umelala. Gozbert aliusifia ukuta ule mwaka mzima.

Mchana, wakila ndizi za kuchemsha mkekani, mama alisema kabati la vyombo halitakaa pale kwenye daftari. Demetria alisema alipima kwa futi. Mama alisema hajui futi, ila kabati lile amelifuta vumbi miaka minane na lina shubiri tisa na nusu, na kati ya mlango na kona pana shubiri nane. Demetria alikwenda kupima upya. Alirudi, akachukua kalamu, akafuta. Alikuwa anamwogopa kidogo yule mama kwa sasa, kama mtu anavyoogopa akiingia kanisani peke yake wakati hakuna misa. Miaka kumi na sita walikula chungu kimoja, miaka minane alimwona mama akipita na kurudi uani kwa Bi Mwantumu, na siku zote alidhani ni mazoea tu. Hakujua kwamba mazoea yale yalijengwa hivi, shubiri kwa shubiri, na kwamba siku ya kujengwa kwake yeye alikuwa kazini.

Alhamisi ilikuwa siku ya uani, na uani ndiko mambo yalikoharibika.

Asubuhi mama alienda vizuri. Alitoka mlango wa nyuma mara tano, akafika chooni mara tano. Alijiwekea alama rahisi: jua likimpiga shavu la kulia, anaelekea chooni. Hatua kumi na saba. Alasiri, baada ya kulala kidogo, alitoka tena na alama ileile kichwani, na jua lilikuwa limehamia upande wa pili. Demetria alimwona akisimama, akigeuka kidogokidogo mpaka joto likamkalia shavu la kulia, kisha akaondoka kwa hatua za uhakika kabisa kuelekea kwenye lile lundo la kokoto.

Wakati huohuo Yustina, jirani ambaye pia alikuwa mmoja wa wanawake wa jumuiya, aliingia na bakuli la magimbi. Alimkuta bibi kipofu anatapatapa katikati ya kiwanja, mikono mbele, na mkwe wake amekaa juu ya ndoo anamtazama.

"Dada, humwoni mama?"

"Namwona. Tafadhali usimguse."

"Usimguse? Sie huku tunaishi na wazee wetu, hatuwafanyii mchezo."

Yustina aliweka bakuli chini akaanza kwenda. Demetria alimshika mkono wa gauni. Alimshika tu, na machozi yakamtoka mbele ya mwanamke asiyemfahamu vizuri. Yustina alisema maneno mengine mawili matatu kuhusu wakwe wasomi, maneno ambayo kesho yake yangekuwa mtaa mzima, na Demetria aliyameza yote.

Mama alikuwa amefika kwenye kokoto. Alijikwaa, akapiga magoti, akabaki pale. Kisha alianza kupapasa ardhi kwa viganja, huku na huku, na kutambaa. Alitambaa kama dakika kumi, kitenge kinaburuta mavumbi, mpaka vidole vyake vilipoingia kwenye kimfereji cha vishimo vidogovidogo, vile vinavyochimbwa na matone ya mvua yakidondoka kutoka ukingo wa bati. Akavigusa kimoja kimoja. Akasimama, akaufuata mstari wa vishimo vile mpaka kona, na kutoka kona mpaka mlango wa nyuma.

Lakini muda ulikuwa umekwisha. Mama aliketi kwenye kizingiti, akahema, akasema kwa sauti ya chini, "Niletee ndoo."

Demetria alimletea ndoo, akamsindikiza Yustina hadi barabarani ili asiwepo. Aliporudi alipendekeza wafunge kamba, kutoka mlangoni mpaka chooni, mama awe anaishika.

"Kamba anafungwa mbuzi," mama alisema, akajilaza mkekani akiwa amegeukia ukutani.

Jioni Gozbert akapiga simu. Dereva wa kenta ameona mawingu upande wa Kisarawe, anasema akingoja Jumamosi hapandi kile kilima, anataka kuhamisha kesho Ijumaa mchana. Na vitu karibu vyote vilishafungwa. Kwa ratiba ya Demetria mwenyewe, dereva alikuwa sahihi. Yeye ndiye aliyeipanga safari yote kwa kuikimbia mvua.

"Mwambie Jumamosi," alisema.

"Ikinyesha je?"

"Tutapakaa tope. Tope linaoshwa."

"Mama Vai, unajua Jumatatu mtu anaingia na virago vyake. Kenta ikikwama tunalala wapi?"

"Mama bado siku moja. Alisema tatu."

Gozbert akauliza mama anaendeleaje, na Demetria, ambaye hakuwa mwongo, alisema anajifunza. Alipokata simu aligundua kwamba mama hakuwa amelala. Mama alinyoosha mkono gizani, akaupata mguu wa Demetria bila kuutafuta, akaushika mpaka usingizi ulipowachukua.

Ijumaa alfajiri Demetria aliamshwa na sauti ya ufagio. Alitoka mlango wa nyuma, akakuta mama ameinama, anafagia. Hakufagia uwanja mzima. Alifagia kipande chembamba, upana wa ufagio mmoja, kutoka kwenye kizingiti, na kila baada ya kukisafisha hatua moja alisimama juu yake na nyayo tupu, akakanyaga kushoto penye vijiwe na majani, akakanyaga kulia vilevile, akarudi katikati palipo laini. Alisema jana alilitwika jua kazi isiyo yake. Jua lina safari zake. Upepo nao unazo, na wale wafyatua tofali wa jirani ambao alishaanza kuisikiliza mashine yao, Jumapili watapumzika. Kitu kisichohama ni ardhi. Alikosea mara tatu, akaanza upya mara tatu kutoka kizingitini, na saa mbili ufagio uligonga ukuta wa choo. Siku nzima hiyo Demetria alikaa juu ya ndoo yake na kumtazama akienda na kurudi, akienda na kurudi, na hakuchoka kutazama. Ratiba zake zote za miaka ishirini zilionekana kwake kazi ndogo.

Mvua haikunyesha. Jumamosi saa tano kenta ilipanda kilima ikinguruma, Gozbert amekaa juu ya magodoro, na nyuma yake wabebaji wanne. Jumuiya nayo ilikuja, maana mgeni hahamii peke yake, na Yustina alikuwa mbele yao. Wote walikuwa wameshasikia habari ya mkwe aliyekaa juu ya ndoo. Walimsalimia Demetria kwa adabu baridi.

Dereva alitaka kuondoka kabla ya mawingu, kwa hiyo vitu vilishushwa popote palipo nafasi. Makochi, meza, mapipa, vitanda vilivyofunguliwa, vyote vikamwagwa uani, na hakuna aliyekuwa na muda wa kutazama amekanyaga nini. Ndani mama alikuwa amesimama penye kona ya sebule akielekeza kabati lipite wapi. Lilipita, likakaa, na Gozbert akatoka akijifuta jasho na kumuuliza mkewe nani alipima. Lakini Demetria alikuwa amemwona mama akija kutoka ndani, mkono wa kushoto ukutani, akipita mlango wa nyuma, akivua viatu.

Kochi kubwa la watu watatu lilikuwa limewekwa katikati ya ile njia iliyofagiliwa.

Gozbert alichomoka kwenda kumshika mama yake. Demetria aliukamata mkanda wa suruali yake kwa nyuma, mbele ya watu wote, akaung'ang'ania. Wabebaji wawili waliokuwa na godoro walisimama nalo kichwani. Wanawake wa jumuiya wakakatisha mazungumzo. Hatua saba, nane, tisa, na goti la mama likagusa kochi. Alisimama. Aliinama akalipapasa, mkono mzima, mpaka ukingo.

"Kochi hili limekaa njiani kwangu," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

Akalizunguka, mkono ukilifuata mgongo, akaingia kwenye vijiwe na majani. Akasimama tena. Mguu wake wa kulia ulitoka mbele peke yake, taratibu, ukagusa, ukarudi, ukatoka tena. Demetria alitamani kupiga magoti na hakujua mbele ya nani. Mguu uliteleza kidogo kushoto na kukuta ardhi laini. Mama akaupandisha wa pili. Akaenda hatua zake zilizobaki bila kuzihesabu kwa sauti, akafungua mlango wa choo, akaingia, akafunga.

Godoro lilikuwa bado kichwani mwa watu. Yustina alikuwa ameweka mkono kifuani. Ndipo sauti ya Mama Bernadeta ikatoka kule ndani, ya kawaida kabisa, sauti ya mwenye nyumba yake.

"Gozi, komeo hili linakaza. Litie mafuta."